Milango Mitatu, Vyumba 11: Kisa cha Nyumba ya Kona ya Mtaa Mkuu, Jinja

Malalamiko kuhusu nyumba hii yalikuwa mawili, na swali moja. Wapangaji wa vyumba vya katikati na vya nyuma walisema kila mvua ikinyesha inawalazimu kufunika bidhaa kwa nailoni. Mwenye saluni alisema umeme unakatika Jumamosi mchana, saa ambazo wateja wamejaa. Na mwenye nyumba, anayeishi ng'ambo na kupokea pango kupitia wakala, alikuwa na swali moja: si afadhali kubomoa yote na kusimamisha jengo la maduka la ghorofa nne kama yale ya Kampala?

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba za maduka za Mtaa Mkuu wa Jinja, Uganda, na mitaa inayoukata. Hakimnyooshei kidole mtu yeyote, na vipimo vyake ni vya nyumba ya kawaida ya aina hiyo. Msimamo wetu tunausema mapema: nyumba hii haifai kubomolewa, na kutengeneza paa peke yake hakutaiokoa. Kiini cha uchakavu wake ni muda. Mwenye nyumba amebakiwa na miaka michache kwenye hati ya kiwanja, wakala anahesabu mwaka hadi mwaka, mpangaji anahesabu mwezi hadi mwezi. Mtu wa mwezi mmoja hanunui bati nene. Anagonga ubao, anavuta waya, anafungua duka kesho yake.

Mtaa na biashara zake

Jinja ilikua kwa maji na reli. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa 1912, ilileta pamba kutoka Namasagali hadi gati ya Jinja. Meli zikaivusha ziwa hadi Kisumu, na kutoka Kisumu ikaenda Mombasa. Wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata njia hiyo walijenga maduka yenye baraza mbele na makazi nyuma. Alidina Visram, aliyefariki 1916, alikuwa na matawi ya maduka yake katika miji mingi ya njia hii, Jinja ikiwamo. Daraja la reli juu ya Nile lilipokamilika 1931, treni zikavuka hadi Kampala. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954, umeme ukavuta viwanda: nguo za Nytil, kuyeyusha shaba ya Kilembe, na vingine. Mishahara ya viwandani iliishia kwenye kaunta za Mtaa Mkuu, kwa vitambaa, baiskeli, cherehani na sufuria.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Nyumba zao zikaingia mikononi mwa Bodi ya Kuhifadhi Mali za Waasia Walioondoka, nayo ikazigawa kwa wapangaji wapya. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982 ilifungua njia ya kuzirudisha, lakini urudishaji wenyewe ulishika kasi baada ya 1986, hasa miaka ya 1990. Kati ya kuondoka na kurudi, nyumba nyingi zilikaa miaka 20 bila mtu mwenye sababu ya kubadilisha hata bati moja.

Leo mtaa unaishi kwa mchanganyiko mwingine: simu na vifaa vyake, mobile money, dawa, saluni, mitumba, vifaa vya ujenzi, vyama vya akiba na mikopo, na migahawa na maduka ya sanaa yanayotegemea watalii wa Nile. Biashara hizi zina tabia moja inayohusu jengo moja kwa moja. Zinataka eneo dogo la mbele, karibu na wapita njia. Muuza vitambaa wa 1950 alihitaji mita 12 za kina ili apange majora. Mtu wa mobile money anahitaji mita moja na nusu. Mgawanyo wa maduka matatu kuwa vyumba 11 ulitoka hapo, na aliyeuanzisha hakukosea kusoma soko. Alikosea kusoma nyumba.

Nyumba ilivyojengwa

Kiwanja ni mita 15 kwa 30, yaani futi 50 kwa 100. Sehemu ya mbele ni mita 12 kwa 12, yenye maduka matatu sambamba, kila moja mita 4 kwa 12, kwa milango ya mvule inayokunjika. Mbele kuna baraza ya mita 2.4 iliyofunikwa kwa bamba la zege lililobebwa na nguzo. Nyuma kuna ua, kisha stoo na jiko, na mwisho kabisa choo kinachopakana na kichochoro ambacho zamani wazoa taka walipitia usiku. Juu ya baraza, ukuta wa mbele unapanda kupita paa na kulificha, nao una mwaka wa 1936 ulioumbwa kwa plasta.

Kuta ni za tofali za kuchoma, unene wa tofali moja na nusu, karibu milimita 350, zilizojengwa na kupigwa plasta kwa mchanganyiko wenye chokaa nyingi. Dari iko mita 4.2 juu. Juu ya kila mlango kuna matundu ya hewa, na ukuta wa nyuma una madirisha yanayotazama ua. Hewa ya moto ilipanda, ikatoka nyuma, ya baridi ikaingia kutoka barazani. Hakuna aliyehitaji feni. Ni ujenzi wa akili sana kwa mji wenye jua kali na mvua za vishindo, na ndiyo sababu umesimama karibu miaka 90 huku matunzo yakiwa hafifu.

Sasa tazama kilichofanywa. Maduka matatu yamekatwa kwa mbao na plaiwudi hadi vyumba 11. Madirisha ya nyuma yamezibwa, kwa sababu uani kumejengwa stoo mbili zinazoegemea ukuta. Barazani kuna vibanda vinne. Ukingo wa ukuta wa mbele umepakwa rangi ya tangazo la simu hadi mwaka wa 1936 hausomeki, na mabango yamefungwa kwa boliti zilizotobolewa ndani ya bamba la zege. Kila badiliko lilikuwa dogo na lilikuwa na faida yake siku hiyo. Yakijumlishwa, yameziba hewa, yameziba maji na yameziba njia ya kutokea moto ukiwaka.

Paa, na mfereji usioonekana

Wapangaji waliamini mabati yametoboka. Yametoboka kweli, lakini sehemu kubwa ya maji haingii kwa matundu hayo. Inaingia kwa mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta wa mbele.

Paa lina miteremko miwili, mmoja kuelekea ua na mwingine kuelekea mtaa. Mteremko wa mtaa unamwaga maji yake kwenye mfereji uliobanwa kati ya mabati na ukuta wa mbele. Eneo unaolihudumia ni mita 12 kwa 6, yaani mita za mraba 72. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo si ajabu Jinja katika Aprili au Novemba, inaleta lita 3,600 kwa saa. Kishindo cha milimita 25 ndani ya dakika 15 kinaleta lita 1,800, yaani lita 2 kwa sekunde. Mjenzi wa 1936 aliweka mabomba mawili ya kushusha maji, moja kila mwisho. Bomba la kushoto lilipita pembeni ya duka, na chumba cha simu kilipokatwa likafungiwa ndani ya ubao, likaziba kwa majani na kinyesi cha ndege, na kwa kuwa hakuna aliyeliona, hakuna aliyelizibua. Bomba lililobaki lina kipenyo cha milimita 75. Likiwa safi kabisa, mvua ya namna hiyo inalifikisha karibu na kikomo chake. Likiwa na majani nusu, mfereji unajaa.

Mfereji wa nje ukijaa unamwaga mtaani, watu wanalowa, mambo yanaisha. Mfereji uliofichwa ukijaa unamwaga upande ulio chini zaidi, na hapa upande huo ni wa ndani, juu ya dari. Maji yanatembea juu ya mbao za dari hadi yapate mwanya, na mwanya mara nyingi uko mbali na chanzo. Kwa hiyo anayelia ni mpangaji wa katikati, fundi anaitwa, anapanda na kupaka lami juu ya kichwa cha mpangaji huyo, anashuka, analipwa. Mvua ijayo hali ni ile ile. Paa hili lina tabaka za lami zinazoonyesha mchezo huo umerudiwa mara nyingi.

Mabati yenyewe nayo yana historia. Ya kwanza yalikuwa mazito. Yaliyobadilishwa baadaye ni geji 30 na 32. Kumbuka namba ikipanda bati linapungua unene. Misumari imepigwa bondeni mwa mikunjo, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Mbao za mvule za kenchi ziko imara, mchwa wamezishindwa. Lakini vipande vya mikaratusi vilivyoongezwa bila dawa vimeliwa hadi vinabonyea kwa kidole.

Kazi tunayoipendekeza ni hii, na mfuatano wake una maana. Kwanza zibua na ubadilishe mabomba yote mawili kwa ya milimita 100, yapite nje ya ukuta wa pembeni yanapoonekana. Kisha tengeneza mfereji mpya wa bati la geji 24, upana milimita 300 ili fundi aweze kusimama ndani yake bila kukanyaga mabati, kina milimita 150. Uinuke katikati na kushuka pande zote mbili kwa mteremko wa 1 kwa 100; katika mita 6 za kila upande, hiyo ni milimita 60. Maungio yapishane milimita 150, yapigwe ribiti na kuzibwa. Ukingo wa upande wa paa uingie chini ya mabati milimita 150 au zaidi. Halafu toboa ukuta wa mbele matundu mawili ya dharura, upana milimita 100 na kimo 50, yakae milimita 40 chini ya ukingo wa ndani wa mfereji. Mabomba yakiziba tena, na siku moja yataziba, maji yatarukia mtaani na kila mtu atayaona, badala ya kuingia ndani kimya kimya. Matundu hayo mawili yanagharimu nusu siku ya fundi, na kama fedha zingetosha kitu kimoja tu juu ya paa hili, tungeanza nayo.

Jaribio ni rahisi: ziba mahali mfereji unapotolea maji, mimina lita 200, subiri nusu saa, mtu akae chini ya dari na tochi. Fundi asilipwe salio kabla ya jaribio hilo.

Mabati mapya yawe geji 26, au 28 fedha zikibana, yakatwe kiwandani urefu wa mita 6.6 ili kila mteremko ufunikwe kwa kipande kimoja bila kiungo cha katikati. Kwa upana wa mita 12, ukihesabu kila bati linafunika milimita 760, unahitaji 16 kila upande, jumla 32, nunua 34. Papi zikae milimita 900 kutoka moja hadi nyingine. Skrubu zenye mpira ziingie mgongoni mwa mkunjo. Kazi hii ifanywe Januari hadi Februari, au Juni hadi Julai, mteremko mmoja kwa wakati, turubai likiwa tayari kila jioni hata kama mbingu ni nyeupe.

Kuta na zege

Chini ya mita moja, plasta ya mbele inabanduka kama maganda. Mafundi wameirudishia kwa saruji tupu mara kadhaa, kila mara imedumu msimu mmoja au miwili. Tofali hizi ni laini na zinanyonya unyevu kutoka ardhini. Zamani unyevu ulitoka polepole kupitia plasta ya chokaa. Saruji kali na rangi ya mafuta vinaufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma. Kadiri plasta inavyokuwa ngumu ndivyo inavyoondoka na uso wa tofali.

Sababu ya pili iko chini ya miguu. Barabara za mji zimetengenezwa upya zaidi ya mara moja, na kila tabaka limeinua usawa wa mtaa. Sakafu ya baraza sasa iko chini ya ukingo wa njia ya miguu, kwa hiyo maji ya mtaa yanakuja kwenye ukuta. Hapo inahitajika mfereji mdogo wa milimita 150 wenye wavu wa chuma ukingoni mwa baraza, unaotoa maji hadi kwenye mtaro wa barabara. Bila huo, plasta yoyote ni kazi bure.

Plasta ya kurudishia ichanganywe sehemu 1 ya saruji, 2 za chokaa na 9 za mchanga uliochekechwa. Kwa mita za mraba 40 kwa unene wa milimita 15, andaa mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, mifuko 4 ya chokaa ya kilo 25, na mchanga karibu robo tatu ya mita ya ujazo. Chokaa ya Tororo au ya Muhokya, Kasese, inafaa ikiwa safi na haijapigwa na unyevu ghalani. Lowesha ukuta, piga tabaka mbili zisizozidi milimita 10 kila moja, zifunike kwa magunia mabichi siku saba. Rangi ingoje wiki nne, na iwe ya chokaa au nyingine inayopitisha hewa.

Bamba la zege la baraza lina nyufa zinazofuata mstari wa nondo, na vipande vimeshaanza kudondoka. Maji yaliyomwagika kutoka juu yaliingia kwa matundu ya boliti za mabango, nondo zikapata kutu, kutu ikavimba na kupasua zege. Bomoa zege bovu hadi nyuma ya nondo kwa milimita 20, sugua chuma kwa brashi ya waya hadi king'ae, paka uji wa saruji, jaza kwa saruji 1 na mchanga 3 kwa tabaka zisizozidi milimita 25, kisha lowesha siku saba. Nondo iliyopoteza zaidi ya robo ya unene wake haitoshi kufunikwa; mwite mhandisi. Vibanda vilivyo chini ya sehemu inayodondoka vihame leo, kabla ya mazungumzo mengine yoyote. Kipande cha zege cha kilo mbili kutoka mita nne kinaua.

Umeme wa Jumamosi

Wengi walidhani mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, haitoshi. Laini ya njia moja ya ampea 60 kwa volti 240 inatoa wati 14,400. Tukijumlisha saluni (mashine mbili za kukausha nywele, pasi za nywele na birika) wati 4,500, birika nyingine mbili 4,000, mashine ya kutoa nakala 1,500, friji mbili za soda 600 na taa na chaja 1,000, tunapata 11,600. Laini inatosha. Kibaya ni kwamba vyumba vya katikati na nyuma vyote vimevutwa kutoka waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, ambao ampea 15 hivi ndiyo mzigo wake. Saketi breka ya awali ilikuwa inakata, kama inavyopaswa. Mtu akaitoa na kuweka ya ampea 32. Sasa breka haikati mapema, waya ndio unaochemka juu ya dari ya mbao, na umeme unakatika pale kiungo kinapolegea kwa joto. Soko la Owino, Kampala, liliteketea 2009 na tena 2011. Hatuhitaji jingine Jinja.

Ubao mpya wa usambazaji uwe na saketi tofauti: taa kwa waya wa 1.5 na breka ya ampea 6 au 10, soketi kwa waya wa 2.5 na breka ya ampea 20, saluni kwa waya wake wa 6. Juu ya zote iwekwe swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, pamoja na fimbo ya ardhini iliyopimwa. Kila mpangaji awe na mita yake, maana bili ya pamoja ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa nyumba hizi. Kazi ifanywe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme.

Karatasi

Tunarudi kwenye kiini. Hati ya kiwanja katika kisa hiki ni ya kukodishwa miaka 99 kuanzia 1935, inaisha 2034. Benki haiwezi kumpa mwenye nyumba mkopo wa kulipwa baada ya tarehe hiyo, na mpangaji mkubwa, mwenye duka la dawa au mgahawa anayetaka kuweka fedha zake ndani, hawezi kupewa mkataba wa miaka 10. Wanaobaki ni wapangaji wa mwezi hadi mwezi. Vyumba 11 vimezaliwa na hati inayokaribia kuisha.

Wakala aanze na upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, Jinja. Atafute mambo matatu: jina lililosajiliwa ni la nani, kuna rehani au zuio lolote, na cheti cha kurudishiwa mali kilichotolewa chini ya sheria ya 1982 kinaoana na namba ya kiwanja. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilichunguza Bodi ile ya mali za Waasia, na utata wa karatasi za nyumba za namna hii ukasikika hadharani. Asiye na cheti kinachooana asitumie shilingi moja kwenye paa kabla ya kumwona wakili. Wakala naye awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Ujumbe wa simu kutoka Leicester au Toronto hautoshi kusaini mkataba wa pango.

Kisha maombi ya kuongezewa muda yapelekwe kwenye bodi ya ardhi kabla hati haijaisha. Wakaguzi watakuja kutazama hali ya jengo, na risiti za kodi ya ardhi na za majengo zitadaiwa. Katiba ya 1995 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodishwa tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka kikomo cha miaka 99. Raia anaweza kuomba kugeuza hati yake kuwa ya umiliki wa kudumu. Tofauti hiyo ijulikane mapema, kwa kuwa familia nyingi zilizorudi zina warithi wenye uraia tofauti.

Kuhusu ghorofa nne: hati yenye chini ya miaka 10 haibebi mkopo wa kujenga jengo hilo, na riba za benki kwa shilingi zinazunguka asilimia 18 hadi 20. Biashara ya rejareja hupungua kwa kila ngazi mteja anayopanda. Wachuuzi wa ghorofa za juu za Soko Kuu la Jinja wamelilalamikia jambo hilo. Tena Cross-Cultural Foundation of Uganda, shirika la urithi wa utamaduni, imeorodhesha na kuchapisha ramani za majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, na nchi ina sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale ya 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Watalii wanaopita Mtaa Mkuu wanapiga picha baraza na miaka iliyoandikwa juu ya kuta. Mwenye nyumba ya 1936 ana kitu ambacho jengo jipya haliwezi kuwa nacho, na sisi tungeumia kuona kikibomolewa kwa ajili ya ngazi zisizopandwa.

Hesabu ya pango

Tuchukue namba za mfano. Vyumba 11 kwa shilingi 250,000 ni 2,750,000 kwa mwezi. Lakini vyumba vitatu vya nyuma, visivyo na hewa wala dirisha, vikikaa vitupu nusu ya mwaka, wastani unashuka hadi 2,375,000. Ukirudisha maduka matatu na kukata kila moja mara mbili tu, mbele na nyuma, nyuma ikifunguka uani, unapata vyumba sita. Kwa 400,000 kila kimoja ni 2,400,000. Mapato hayapungui, wapangaji wa kufuatwa ni sita badala ya 11, na vyumba vya nyuma vinafaa kwa mgahawa mdogo, fundi cherehani au ofisi, kwa kuwa vina mwanga na ua. Vibanda viwili vya mobile money vibaki barazani, pembeni, vikiacha njia ya mita 1.5; kuwafukuza wachuuzi wote ni kuua msongamano unaolisha maduka ya ndani.

Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kwa 28,800,000 za mwaka, kinachotozwa ni 25,980,000 na kodi ni 3,117,600. Mtu binafsi haruhusiwi kutoa gharama za ukarabati hapo, kwa hiyo fedha za paa zihesabiwe baada ya kodi.

Kubadilisha mgawanyo wa ndani, paa na ua kunahitaji idhini ya mipango miji na kibali cha ujenzi kutoka kamati ya majengo ya jiji, Jinja ikiwa jiji tangu Julai 2020. Peleka michoro ya hali ilivyo na ya hali itakavyokuwa. Stoo mbili za uani zibomolewe kwanza, maana mkaguzi atazikataa na ndizo zilizoziba njia ya moto.

Mfuatano wa kazi basi ni huu: zege linalodondoka na breka ya ampea 32, wiki hii; upekuzi wa hati na maombi ya muda, mwezi huu; mabomba, mfereji na mabati, kiangazi kijacho; nyaya wakati dari iko wazi; vyumba, duka moja baada ya jingine, ili wapangaji wa maduka mawili waendelee kuuza; plasta na rangi mwisho, na mwaka wa 1936 usafishwe kwa maji na brashi laini, kamwe si kwa patasi.

Mikataba mipya iandikwe. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inadai maandishi kwa mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi, inaweka pango kwa shilingi isipokuwa wawili wamekubaliana vingine, inazuia kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji haondolewi bila amri ya mahakama. Hati ikishaongezwa muda, maduka ya mbele yapewe miaka mitano. Mkataba unaozidi miaka mitatu usajiliwe. Ndani yake viandikwe vifungu vitatu ambavyo mikataba ya mtaa huu huvisahau: hakuna boliti kwenye bamba la baraza, hakuna waya unaoongezwa bila fundi wa nyumba, na mfereji wa paa husafishwa Februari na Agosti na mtu aliyetajwa kwa jina, kwa gharama ya mwenye nyumba.